Kidonge cha shilingi au daktari wa gini: Waingereza wa enzi za Victoria walikuwa wajinga kweli?

Aliyepita darasa la sheria ya mikataba, awe Mlimani, Nairobi au Makerere, lazima anamkumbuka mama Carlill na kimpira chake. Kwa ambao hamkupita huko: ni London, Novemba 1891, mafua makali yamekuwa yakizunguka Ulaya kwa kama miaka miwili, kampuni moja inauza kimpira cha raba chenye kibomba, ndani kuna unga wa asidi ya kaboliki, unachomeka puani unabinya, unga unapanda kama moshi. Gazetini wakatangaza kwamba atakayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili halafu bado akapata mafua watamlipa pauni 100, na kuonyesha hawatanii wameweka pauni 1,000 benki. Louisa Carlill akanunua, akabinya mpaka Januari, akaugua. Kwenda kudai hela yake kampuni ikasema ah, lile lilikuwa tangazo tu jamani, nani anachukua tangazo serious. Mahakama ya Rufaa Desemba 1892 ikawaambia lipeni.

Mhadhiri akifika hapo anacheka kidogo, darasa linacheka, somo linahamia kwenye ahadi na kukubali. Mimi ndo nataka kubaki pale walipocheka, kwa sababu watu wengi wakisoma habari za dawa za wakati wa malkia Victoria (1837 mpaka 1901) hukumu yao ni moja tu, kwamba watu walikuwa washamba, matapeli wakawala, mpaka madaktari wasomi wakaja kuwaokoa. Nusu ya hiyo ni kweli. Nusu nyingine ni stori ambayo madaktari walijiandikia wenyewe.

Anza na bei. Daktari mwenye jina pale London kumwona mara moja ilikuwa gini, yaani shilingi 21, na kibarua wa shambani hizo alikuwa hazioni kwa wiki nzima. Boksi la vidonge vya Beecham lilikuwa shilingi 1 na peni 1 na nusu. Thomas Beecham mwenyewe alianza maisha anachunga kondoo, akaja kuuza vidonge Wigan halafu St Helens, na kauli yake iliyobandikwa kila mahali ni kwamba boksi moja thamani yake ni gini. Sasa mtu wa kawaida akisikia gini anamkumbuka nani? Daktari! Mimi naisoma ile kauli kama kijembe, ati unachomlipa yule bwana mwenye kofia ndefu mimi nakupa kwa shilingi na kitu.

Na hiyo gini ilikuwa inanunua nini hasa? Miaka ya mwanzo ya Victoria ilikuwa inanunua ruba wa kukunyonya damu, na kalomeli, dawa ya zebaki ambayo ukizidishiwa mate yanatiririka hovyo na meno yanalegea. Aseniki nayo waliiandika kama dawa ya nguvu, wasomi kabisa hao. Kwinini ilikuwa inafanya kazi, chanjo ya ndui nayo, dawa ya usingizi ya upasuaji ikaja 1846, mpasuaji Joseph Lister akaleta asidi ya kaboliki kusafishia vidonda 1867 (ndo ile ile jamaa wa kimpira walikuja kuidandia), lakini ukiondoa hayo machache, mgonjwa wa kawaida mwenye homa au tumbo daktari alikuwa hana cha maana cha kumpa. Kidonge cha Beecham kilikuwa shubiri, tangawizi na sabuni. Shubiri hii hii wanayopaka mama zetu kwenye titi wakitaka kumwachisha mtoto. Unameza, unakimbia chooni, umemaliza. Ukiniambia nichague kati ya hiyo na zebaki mbona najua ninakwenda wapi.

Hata Livingstone, ambaye alikuwa daktari wa kusomea Glasgow, vidonge vyake vya homa vilikuwa na kwinini, kalomeli na dawa mbili za kuharisha humo humo. Tofauti yake ni moja, na nitairudia baadaye: mchanganyiko wake aliuandika wazi kila mtu auone. Sanduku lake la dawa lilipoibiwa Januari 1867 akiwa njiani ndani huko aliandika kwamba amejiona kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo, na hali aliyofika nayo Ujiji, hoi kabisa, mnaijua. Baada ya yeye kufa kampuni ya Burroughs Wellcome ikauza vidonge hivyo kwa jina lake. Kwa hiyo mstari kati ya "dawa ya daktari" na "dawa ya dukani" ulikuwa hauko pale tunapofikiria.

Haya, upande wa pili sasa, na hapa sina utani.

Kulikuwa na dawa za maji za kutuliza watoto, Godfrey's Cordial ilikuwa maarufu sana Uingereza, na ndani yake kulikuwa na afyuni. Kasumba kwa jina lake la zamani, sisi leo neno tumebaki nalo kwa mambo ya siasa lakini wenzetu walikuwa wanampa mtoto wa miezi mitatu kwa kijiko. Mama anatoka alfajiri kwenda kiwandani, anamwacha mtoto kwa bibi wa jirani anayelea watoto wengi kwa wakati mmoja, wakilia wote anawapa kidogo wanalala. Mtoto anayelala kutwa hanyonyi, anakonda taratibu, akifa inaandikwa amedhoofika. Na kuna hili ambalo linaniuma zaidi, afyuni ilikuwa inatuama chini ya chupa, kwa hiyo vijiko vya juu vilikuwa hafifu, ukifika mwisho wa chupa bila kutikisa kijiko kile kile ulichozoea kumpa kinakuwa sumu. Huyo mama kakosa nini? Hakuambiwa kilichomo.

Chlorodyne ya Dr Collis Browne nayo, ilianza kuuzwa kama hivyo 1856, ndani afyuni, klorofomu na bangi, ikauzwa mpaka makoloni. Ilizuia kuhara kweli, ilituliza kikohozi kweli, na iliwafanya watu wasiweze kuishi bila chupa, kweli pia. Sheria ya 1868 ikaja kubana uuzaji wa sumu pamoja na afyuni, lakini ikaacha nje dawa za pateni, yaani hizi za dukani zenye majina ya wenyewe! Yaani afyuni ya duka la kawaida inabanwa, ile yenye jina zuri kwenye chupa inapita.

Kwani serikali ilikuwa wapi? Serikali ilikuwa mezani inakula. Kila dawa ya aina hiyo ilibandikwa stempu ya kodi, ya shilingi 1 inalipa peni 1 na nusu, ndo maana bei zile za ajabu ajabu, na mnunuzi akiona stempu ya serikali kwenye boksi anadhani serikali imeipima. Haijapima chochote. Kufika 1908 kodi hiyo ilikuwa inaingiza zaidi ya pauni 300,000 kwa mwaka. Magazeti nayo yalikuwa yanaishi kwa matangazo hayo, Thomas Holloway peke yake mwisho mwisho wa maisha yake alikuwa anatumia kama pauni 50,000 kwa mwaka kutangaza vidonge na marhamu yake. (Hela hizo hizo zilijenga chuo cha wanawake ambacho Victoria mwenyewe alikwenda kukifungua 1886, sasa sijui tumpongeze au tumlaani.) Na hilo jina la pateni ni geresha vilevile, nyingi hazikuwa na pateni yoyote, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, maana ukitaka pateni lazima useme ulichoweka ndani. Cha kuchekesha kile kimpira cha mama Carlill ndo kilikuwa nayo ya kweli.

Sasa wale waokoaji wetu, madaktari. Sheria ya 1858 ikawapa daftari lao la waliosajiliwa, lakini haikumkataza mtu mwingine kutibu, ilimkataza tu kujiita kile ambacho hakuwa. Hapo ndo vita ikawa ya jina, na aliyepata taabu ya kwanza hakuwa muuza vidonge peke yake, alikuwa pia daktari bingwa.

Leo ukisema bingwa watu wanakaa vizuri kwenye kiti. Enzi zile daktari wa heshima alitakiwa ajue mwili mzima, anayesema mimi nashughulika na sikio tu au na njia ya haja kubwa tu alionekana anafanya biashara kama tapeli, anachukua kiungo kimoja na kukitangaza. Frederick Salmon alipofungua London 1835 kihospitali cha vitanda 7 kwa ajili ya bawasiri na fistula za huko nyuma wakubwa walinung'unika, ila yule mwandishi Charles Dickens aliponasa na fistula 1841 alikwenda kukatwa na nani? Na Salmon. 1860 ilipofunguliwa hospitali ya mawe ya kibofu wakubwa wa taaluma waliandika kabisa kupinga. Hoja yao ilikuwa na kichwa na miguu, kwamba kijana akikosa nafasi hospitali kubwa anapanga nyumba, anaita hospitali, anatafuta mwanasiasa wa kuwa mlezi, anapata jina. Kweli walikuwepo hao. Lakini nafasi za hospitali kubwa zenyewe zilikuwa zinapatikana kwa undugu na kujuana, huyo kijana afanyeje? Na London mpaka 1852 ilikuwa haina hospitali ya kulaza watoto, wakati Paris wanayo tangu 1802, mpaka Charles West alipofungua ya Great Ormond Street na vitanda 10.

Halafu bingwa mwingine, Isaac Baker Brown, daktari wa kusajiliwa, mpasuaji wa wanawake mwenye hospitali yake, huyo alikuwa anawakeketa wagonjwa wake ati ni tiba ya kifafa na "wazimu wa kike". Alifukuzwa chama cha madaktari wa uzazi cha London 1867, na ukisoma mjadala wenyewe sehemu kubwa wanalalamika kwamba hakuwaeleza waume na baba zao. Wenye mwili hawaulizwi. Na kwa upande wa mitaani kulikuwa na "bingwa" wa magonjwa ya siri, Joseph Kahn, ana makumbusho ya sanamu za nta za sehemu zilizooza, kijana anaingia anaangalia anatetemeka, mlango wa pili anauziwa tiba. Polisi waliyafunga 1873.

Kwa hiyo cheti cha udaktari hakikuwa kinatenganisha mzuri na mbaya, na bei pia haikuwa. Kwa maoni yangu kilichowatenganisha ni nani anakuambia anakupa nini, na kwa kipimo hicho madaktari nao hawakuwa wasafi maana cheti cha dawa kiliandikwa Kilatini. 1909 chama chao kilitoa kitabu cha kuchambua dawa za siri moja moja, kikaonyesha viungo vya boksi zima la Beecham, vidonge 56, vinagharimu kama moja ya nane ya peni. Kazi nzuri. Ila vyeti vyao vya dawa havikuchambuliwa humo. Bunge likaunda kamati 1912, ikahoji watu miaka miwili, ripoti ikatoka tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza inaingia vitani, ikafunikwa.

Sheria ya kulazimisha viungo viandikwe kwenye chupa ilipatikana 1941, na ile kodi ya stempu ikaondoka mwaka huo huo. Mama Carlill alikuwa bado yupo. Alifariki Machi 1942, miaka 96, na daktari wake akaandika uzee, na mafua.