Bali kama si hivyo

Baba alianza kwa kusindikiza kila tonge kwa funda la maji. Hatukulitilia maanani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kula taratibu, tukadhani ni uzee tu. Baadaye ugali ukawa haushuki kabisa, akahamia kwenye ndizi zilizopondwa, kisha mtori, kisha uji. Alipoingizwa kamera kooni, jibu likawa saratani ya umio, nayo ilikuwa imeshasambaa. Kwetu Kilimanjaro ugonjwa huu si mgeni, na ukanda mzima wa Afrika Mashariki kutoka Ethiopia hadi Malawi unaufahamu kwa machozi.

Daktari alituita sisi watoto kwenye korido. Baba alibaki ndani, amekaa ukingoni mwa kitanda, kofia yake magotini. Tuliporudi, kaka akawahi kusema, "Mzee, daktari anasema utakuwa sawa." Mimi nikaitikia, "Amina." Amina hiyo bado inaniuma.

Usiku mmoja, wiki kadhaa baadaye, nilikuwa namnywesha uji wa ulezi kwa kijiko cha chai, maana kijiko kikubwa alikuwa hakiwezi tena. Aliinua mkono akanizuia. Akaniuliza kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu, "Hivi wewe unaona nitapona?" Nikamjibu haraka, "Baba, usiseme hivyo. Kiri uzima. Utapona kwa jina la Yesu." Akanitazama kidogo. Kisha akageukia ukutani, akasema uji umetosha. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Niliondoka chumbani nikidhani nimeitetea imani. Leo naamini nilimfungia baba yangu mlango usoni.

Nasema haya kwa Wakristo wenzangu kwa sababu nawapenda na kwa sababu mimi ni mmoja wao. Tumeigeuza imani kuwa marufuku ya kutaja kifo. Mgonjwa akianza tu kusema habari za shamba, za deni, za nani atamtunza mama, tunamkatiza. Tunasema anajitabiria mauti. Tunamwekea mikono, tunapaza sauti, tunakemea, na mtu aliyekuwa anataka kuaga anaachwa aende peke yake katikati ya chumba kilichojaa watu wanaomwombea.

Lugha yetu ina neno moja lililobeba mizigo miwili: majaribu. Mtu akiugua tunasema yuko kwenye majaribu. Mtu akivutwa kutenda dhambi, nayo ni majaribu. Katika Baba Yetu, sisi Walutheri husema "usitutie majaribuni". Ndugu zetu Wakatoliki husema "usitutie katika kishawishi". Zamani nilidhani wao wamelifafanua vizuri zaidi, wametenganisha mateso na dhambi. Baada ya kukaa kando ya kitanda cha baba nimeliona lile neno letu kwa jicho jingine. Pale kitandani mambo hayo mawili hayatengani. Maumivu yanapoingia, kishawishi kinaingia nayo, kimeshika mkia wake.

Kwetu kilikuja kwanza kwa sura ya sadaka. Mhubiri mmoja, simtaji, alituambia kwamba ugonjwa una mizizi, na mizizi hiyo inang'olewa kwa mbegu. Mbegu maana yake fedha. Tulikuwa na mtamba mmoja, kipenzi cha baba, aliyemlea kwa majani ya migomba na chumvi mkononi tangu akiwa ndama. Tukamuuza. Tukarudi na chupa ya maji na kitambaa cheupe, na mama akakiweka kile kitambaa chini ya mto. Siku ya pili baba akauliza, "Yule mtamba mbona simsikii?" Hakuna aliyejibu. Akafumba macho muda mrefu, kisha akasema, "Mngemwomba Mungu tu. Yeye hatozi."

Sisemi kwamba Mungu haponyi. Naamini anaponya, na nimeomba uponyaji kwa watu wengi na nitaendelea kuomba. Wala simcheki mtu anayekimbilia tumaini. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, shilingi 500, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Foleni ya magari ilijipanga kilomita nyingi porini, wagonjwa wengine wakitolewa vitandani hospitalini wapelekwe huko. Ile foleni ilikuwa kilio cha watu waliochoka kuumwa. Mchungaji mwenyewe alifariki Julai 2021. Nalitaja hilo kwa heshima: aliyeshika kikombe na aliyekinywa, njia yao ni ile ile, kama yangu na yako.

Kishawishi cha pili kilikuwa kibaya zaidi, maana hiki kilitafuta wa kumuumiza. Baba mdogo akaanza kusema kuna mkono wa mtu. Akataja jirani yetu, mama mjane ambaye mpaka wa shamba lake na letu uliwahi kuleta maneno miaka ya nyuma. Likaanza kama mnong'ono jikoni. Baada ya wiki watoto walikuwa hawapiti tena mbele ya nyumba ya yule mama. Baba akasikia. Hakugombana na mdogo wake. Alimtuma mama akamwite yule jirani, na alipofika, baba akaomba kwamba siku hiyo uji anyweshwe na yeye.

Nilikuwepo. Yule mama alitetemeka mikono, akamwaga kidogo kwenye shuka, akaomba radhi. Baba akafungua tena kinywa kama mtoto. Kijiko baada ya kijiko, mbele ya baba mdogo, mbele yetu sote, mpaka ukaisha. Ilichukua karibu saa nzima. Mtu ambaye kila funda lilimchoma alikubali kuchomwa ili mjane asiitwe mchawi. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu kumtumaini Mungu, na hakuna lililonifikisha pale kijiko kile kiliponifikisha.

Kwenye misiba yetu tunapenda maneno ya Ayubu: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Ni maneno ya kweli. Lakini yako sura ya kwanza, na kitabu cha Ayubu kina sura 42. Kufikia sura ya tatu mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa. Anabishana, analia, anamdai Mungu majibu. Rafiki zake walifanya vizuri siku saba za mwanzo, walipokaa naye chini udongoni bila kusema neno, kama tunavyokaa sisi matangani. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na maelezo. Na mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye kama alivyonena Ayubu. Aliyelalamika ndiye aliyenena sawa! Sisi tumechukua mstari mmoja wa subira yake, tukaufanya kizibo cha kuwanyamazisha waliofiwa kabla hata kaburi halijakauka.

Yako maneno mengine ya Biblia ambayo baba alikuwa ameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia madaftari. Ni Danieli sura ya tatu. Shadraka, Meshaki na Abednego wamesimama mbele ya Nebukadreza, tanuru linawaka. Wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Kisha wanaongeza: "Bali kama si hivyo." Kama si hivyo, bado hatutaisujudia sanamu yako.

Mahubiri yetu ya siku hizi huishia kwenye "aweza kutuokoa". Kinachofuata tunakiogopa, tunakiona ni upungufu wa imani, kana kwamba wale vijana wangenyamaza pale wangekuwa na imani kubwa zaidi. Mimi naona imani yao nzima iko kwenye maneno hayo machache. Mungu wao hakuwa mkataba wa kutoungua. Walimwamini kabla hawajajua moto utafanya nini.

Na Bwana Yesu mwenyewe? Jangwani, akiwa na njaa, alijaribiwa kwa maneno, "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu." Amuru mawe yawe mikate. Miaka ikapita, na pale msalabani wapita njia wakayarudia maneno yale yale: ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, shuka. Luka anasema kule jangwani Ibilisi alimwacha "kwa muda". Naamini saa ya kufa ndiyo saa anayorudi, na hoja yake haibadiliki: kama kweli wewe ni wa Mungu, thibitisha kwa kutokufa. Yesu hakushuka. Usiku uliotangulia, bustanini, hakukiri uzima. Aliwaambia rafiki zake wazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Aliwataja watu anaotaka wawe karibu, akasema anaogopa nini, akaomba kikombe kimwepuke, kisha akakiacha mikononi mwa Baba. Baba yangu angepewa nafasi ya kufanya hayo manne tu, ingemtosha.

Kuna jambo la dawa nalo nisiliruke. Muuguzi wa huduma ya wagonjwa wa nyumbani alituletea mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, chupa ndogo ya plastiki. Kaka akaikataa, akasema hiyo ni dawa ya kuagia na kuipokea ni kukubali kushindwa. Nawasihi wenye wagonjwa wa saratani msifanye kosa hilo. Jirani zetu Uganda wamekuwa wakiitumia tangu 1993, daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma yake Kampala. Yeye alikuwa mtu wa imani kubwa na hakuona ugomvi kati ya sala na chupa hiyo. Siku tulipokubali, baba alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Asubuhi akaomba asomewe Zaburi ya 90, ile sala ya Musa, inayoomba tujulishwe kuzihesabu siku zetu. Maumivu yalikuwa yamemnyang'anya hata sala zake, na ile dawa ikamrudishia.

Alifariki alfajiri ya Jumanne akiwa na miaka 71. Tulipokuwa tunatafuta nguo za kumvalisha, dada akakuta daftari la shule ndani ya koti lake la kanisani. Mwandiko ni ule ule wa ubaoni, ila mistari ilikuwa inapanda na kushuka. Alikuwa ameandika namba za nyimbo tatu. Ameandika kwamba jeneza lisiwe la gharama. Kuna elfu arobaini za fundi wa bomba, zilipwe. Mpaka wa shamba na yule mama mjane uishie kwenye mti wa msesewe, "alikuwa na haki tangu mwanzo, nimwombe radhi". Tarehe ya ukurasa ule ilikuwa siku moja baada ya usiku ule wa uji. Aliyoyaandika ndiyo aliyotaka kuniambia. Nilipomzuia kusema, akayaandika gizani, peke yake, na mkono unatetemeka.

Miezi mingi baada ya mazishi sikuweza kuimba kanisani. Nilisimama na kitabu mkononi, midomo imefungwa. Watu waliniambia kazi ya Mungu haina makosa, nami sikuwa na nguvu ya kuitikia. Sikuacha kwenda. Nilimwambia Mungu kwamba nimemkasirikia, na mengine kadhaa siwezi kuyaandika hapa. Hakuniacha. Sijui kueleza nilijuaje, ila nilijua, kama mtu anavyojua gizani kwamba kuna mwingine chumbani.

Sasa mama mdogo anaumwa. Figo. Jumamosi iliyopita nilikuwa namkanda miguu iliyovimba, akaniuliza swali lile lile, "Mwanangu, wewe unaona nitapona?" Moyo ukapiga. Nikamwambia, "Sijui, mama. Namwomba Mungu upone. Kama si hivyo, mimi niko hapa. Kuna jambo unataka tuliongee?" Akakaa kimya, nikadhani nimemuumiza. Kisha akacheka kidogo, akavuta khanga mabegani, akaanza na habari za mbuzi wawili alioahidi kumpa mjukuu wake. Tuliongea mpaka kuku wakaingia bandani. Amenituma Jumamosi hii nimpelekee kalamu, na karatasi ziwe zenye mistari.