Sare ya Krismasi

Desemba ikifika, Nairobi nzima huenda ushago, yaani kijijini kwao. Nauli hupanda bila aibu, na pale Machakos Country Bus watu hupigania viti huku wamebeba magodoro na kuku. Sisi hatuna shida hiyo. Ushago wetu ni Kaloleni, papa hapa Nairobi, kwa Shosho, nyanya yangu, kwenye zile nyumba za mawe za miaka ya 1940, karibu na City Stadium. Kutoka Kahawa Wendani, ninakokaa nikisoma, ni matatu mbili tu.

Muhula mzima niliiwaza Krismasi hiyo. Mwanafunzi anayekula chapo madondo kwa deni hana ndoto nyingine: pilau ya shangazi, mbuzi wa soko la Burma, soda zisizohesabiwa. Basi Shosho akatuma ujumbe kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Yeye haandiki, hurekodi sauti, na hurekodi akiwa amefoka. Mwaka huu, akasema, ukoo wote utavaa sare na kupigwa picha.

Kitenge kikanunuliwa Eastleigh: manjano, chenye mananasi makubwa. Kazi ya kumfuatilia fundi nikaachiwa mimi, kwa sababu "wewe uko chuo, huna kazi."

Fundi wetu yuko Gikomba. Mwezi wa Desemba, ukimuuliza nguo zimefika wapi, jibu ni moja: "Imebaki vifungo tu." Nililisikia jibu hilo siku ambayo kitambaa chenyewe kilikuwa kimekunjwa vilevile nilivyokileta. Mkesha wa Krismasi nikamkuta amezingirwa na wateja kama mwizi aliyeshikwa, pini mdomoni, cherehani haipumui. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka wa 2017, yeye hufungia kazi zake kwenye magunia ya sukari aliyoyafua, na yote yanafanana. Akanisukumia moja kwa mguu. "Hilo lako. Nisalimie Shosho."

Asubuhi ya Krismasi mpiga picha alifika mapema, maana alikuwa na harusi saa sita. Shangazi akakata kamba ya gunia sebuleni, ukoo mzima ukiwa umesimama. Akatoa joho. La zambarau, kola nyeupe, msalaba wa dhahabu kifuani. Akatoa la pili. Akatoa la tatu.

Mjomba akauliza, "Mananasi yako wapi?"

Shosho akalichukua lile la kwanza, akageuza pindo, akalivuta mshono kwa vidole viwili. "Huu si mshono wa yule fundi wenu," akasema. "Huu umetulia." Kisha akalivaa. Likamkaa utadhani alipimwa. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, mbele, nyuma, akakohoa kidogo. "Pigeni picha."

Nani angebisha? Tukavaa. Binamu mdogo lake likawa linafagia sakafu. La mjomba lilikomea magotini, na tumbo likauinua msalaba mpaka ukawa unatazama dari. Mpiga picha naye, badala ya kutuhurumia, akatupanga wafupi mbele na warefu nyuma, akatuagiza tufungue midomo kidogo. "Itakaa kihalisi," akasema.

Tukiwa midomo wazi, simu yangu ikalia.

"Ndugu, wewe ndiye una majoho yetu?"

Alikuwa mwalimu wa kwaya, kanisa moja huko Makadara. Ibada imeshaanza. Waimbaji walikuja na fulana za kawaida wakijua watabadilishia kanisani, na mchungaji akaamua kwamba mananasi yanayofanana ni afadhali kuliko fulana za Arsenal.

Nikakusanya majoho mbio. Shosho akaniambia nitangulie, lake litafuata. Langu sikupata hata nafasi ya kulivua. Nilirukia bodaboda hivyo hivyo, gunia mapajani. Jogoo Road ilikuwa tupu, tukaruka. Jamaa wa boda akawa ananiita pasta. Nilipotoa pesa akakataa, akavua helmeti, akainamisha kichwa. Nikamwombea injini, breki, na leseni iliyokwisha muda. Akaitikia amina ya nguvu hapo kwenye leseni.

Mlangoni mzee wa kanisa akanidaka mkono. "Wewe! Saa hizi ndio unafika?" Nikajaribu kueleza, akanisukuma hadi mbele, mstari wa besi, nikabanwa kati ya jamaa mrefu aliyejaza gauni la shangazi yangu na mwingine aliyevaa shati la mjomba, ambamo wangeenea wawili. Wimbo nilikuwa siujui. Nikawa nafungua mdomo kama nilivyofunzwa na mpiga picha. Kwaya nzima ni mananasi, zambarau ni mimi peke yangu. Mama mmoja wa kiti cha mbele akamwinamia mwenzake, na kwa sauti ambayo hata besi tuliisikia, akasema, "Huyo hakulipia sare."

Baada ya ibada tukabadilishana nguo chumba cha nyuma. Mwalimu akahesabu majoho, akahesabu tena. Moja halipo. Nikampigia Shosho, nikaweka spika ili mwalimu asikie mwenyewe.

"Mwambie nimemsikia," Shosho akasema. "Lakini muulize kwanza, mazoezi yao huwa siku gani?"