Mary Ainsworth: sebule za Uganda na chumba cha Baltimore

Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, hakwenda Uganda kwa mpango wake. Mwaka 1954 mumewe alipata kazi Kampala, naye akamfuata. Alikuwa ametoka London, kwa John Bowlby, aliyekuwa akichunguza madhara ya mtoto kutenganishwa na mama yake. Akatafuta mkalimani, akawa anatembelea familia 26 za Baganda kila baada ya wiki mbili, muda wa saa mbili hivi, amekaa sebuleni anatazama.

Alichoona kila mlezi anakijua: mtoto anatambaa hadi mlangoni, anageuka kuhakikisha mama yupo, anarudi kumshika goti, kisha anaondoka tena, safari hii mbali zaidi. Wakati huo wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya kunyonyeshwa tu. Sebule zile zilimwonyesha vingine, maana wapo watoto waliomng'ang'ania hata baba au bibi. Kwa hilo sina ubishi naye.

Ubishi unaanzia Baltimore, Marekani. Huko, miaka ya 1960, alibuni jaribio la dakika 20 hivi: mama anatoka chumbani, mgeni anabaki na mtoto, mama anarudi, na namna mtoto anavyompokea ndiyo inayoamua kama ana utulivu moyoni. Jaribio likasambaa duniani. Japani, watoto wasiozoea kuachwa na mama hata kidogo walilia vibaya, na wengi kuliko Marekani wakaangukia kundi la wasio na utulivu wanaolia bila kutulizika. Kaskazini mwa Ujerumani, ambako mtoto hufundishwa mapema kujitegemea, wengi walionekana kumkwepa mama. Je, hao wote walilelewa vibaya? Nadhani kipimo ndicho kilichobeba desturi za Marekani kilikotoka. Na mtoto aliyezoea kupokewa mikononi na shangazi, dada na jirani, mama akitoka ana sababu gani ya kulia?

Hata hivyo, si haki kumtwika Ainsworth lawama yote. Baltimore kwenyewe alikaa na kila familia saa 72 hivi katika mwaka wa kwanza wa mtoto, na chumba kilikuja kukamilisha tu yale ya nyumbani. Baadaye alisikitika kuona watafiti wamekumbatia chumba, sebule wameziacha. Lakini nani atalipia saa 72 kwa familia moja, wakati dakika 20 zinatoa jibu la kuandikia makala?