Siberia Gani, Mwalimu?

Kazi yenyewe ilisemeka kwa pumzi moja: chagua mhusika mmoja wa riwaya, onyesha jinsi anayoyaamini yanavyobadilika, na kila unachodai kitolewe ushahidi humo humo kitabuni. Hisia zako kaa nazo. Mwalimu wetu, mama mtu mzima asiyependa kelele, alilirudia neno "kitabuni" mara tatu huku akigonga meza, na mara ya tatu nina hakika alikuwa ananitazama mimi.

Wenzangu walichagua riwaya za kumalizika kwa siku mbili. Mimi, kwa kiherehere, nikachukua Uhalifu na Adhabu ya Mrusi Dostoevsky, ya mwaka 1866, yenye sehemu sita na kila sehemu mzigo. Hadharani nilisema namtaka Raskolnikov, yule mwanafunzi aliyeacha masomo akaenda kumuua kwa shoka bibi kizee mkopeshaji wa fedha kwa rehani, kwa sababu imani yake iko wazi: watu ni mafungu mawili, wa kawaida ambao kazi yao ni kutii, na wasio wa kawaida, akina Napoleon, ambao wanaweza kuvuka mpaka na damu ikamwagika. Faraghani nilitaka tu watu wanione nimekishika kile kitabu.

Majina ndiyo yaliyoanza kunichapa. Raskolnikov analetewa barua na mama yake, naifungua naye kwa hamu, nakuta inaanza na mtu anayeitwa Rodya. Nikaandika kwenye daftari langu: "Rodya: kaka wa mhusika mkuu? Afuatiliwe." Nikamfuatilia kurasa na kurasa, nikimlaumu Raskolnikov kimoyomoyo kwa tabia mbaya ya kusoma barua za watu. Nilikwenda mbali sana kabla sijang'amua kwamba Rodya ni Rodion, na Rodion ni Raskolnikov mwenyewe. Kwa aibu nikafunua ukurasa mpya wa daftari bila kufuta ule wa zamani.

Nilikuwa na mfumo lakini. Vikaratasi vya njano vya kubandika kwa imani ya mwanzo, vya buluu kwa mashaka, vya kijani kwa imani mpya. Kitabu kikawa na manyoya kama kasuku. Cha kijani cha mwisho, ambacho nilikitunza kama mboni ya jicho, nilikibandika pale Raskolnikov anapopiga magoti katikati ya uwanja wa soko, anaibusu ardhi, watu wanamcheka wakidhani amelewa, kisha anakwenda kituo cha polisi kukiri. Nikaandika kwa wino mzito: "Hapa imani ya awali inakufa." Nikafunga kitabu nikanyoosha mgongo.

Nyuma ya hapo kulikuwa na kurasa chache zilizoitwa tamati. Nilizichukulia kama ndugu zake tabaruku: maneno ya heshima ambayo mwandishi huwaandikia watu wake, na mgeni hana haja ya kuyasikiliza. Sikuzigusa.

Siku ya kuwasilisha nilisimama mbele na karatasi zangu kumi na mbili. Nilisoma kwa sauti ya mtu anayetarajia kupigiwa makofi. Mwalimu aliniacha nimalize, jambo ambalo lilipaswa kunitisha.

"Dondoo lako la kwanza," akasema, "lile la watu wa kawaida na wasio wa kawaida. Anasema nani?"

"Raskolnikov, mwalimu."

"Soma mstari ulio juu yake."

Nikasoma. Msemaji alikuwa Porfiry, mpelelezi, anayeifupisha makala ya Raskolnikov mbele yake huku akimtega. Tena nikishusha macho kidogo tu, namwona Raskolnikov anamsahihisha: yeye hakusema kwamba watu hao ni lazima watende uhalifu.

"Kwa hiyo," mwalimu akasema taratibu, "ushahidi wako mkuu wa anachoamini mshukiwa ni maneno ya askari anayemwinda."

Darasa likacheka. Baadaye, nimetulia, niliona kwamba Raskolnikov anakiri pia kuwa Porfiry ameieleza makala karibu sawasawa, kwa hiyo ningeweza kujitetea. Lakini siku ile sikulijua hilo. Nilisimama natokwa jasho nikiwa na mkuki ambao sikujua niliuweka wapi.

"Tuendelee. Unasema imani yake inakufa kituoni. Na Siberia je?"

"Siberia gani, mwalimu?"

Kimya kikatanda. Mwalimu akavua miwani. Jirani yangu akaninong'oneza kitu kuhusu kurasa za mwisho, ila mimi tayari nilikuwa nimejikaza kisabuni. "Siberia," nikasema, nikiangalia dirishani kama mhakiki anayewaza, "naiona kama taswira. Ile baridi iliyomo moyoni mwake."

"Mwanangu," akasema, na lile neno likaniuma kuliko tusi, "Siberia ni mahali, kule Urusi. Amefungwa huko miaka minane. Wewe nakupa siku nane."

Usiku ule nikaisoma tamati. Ni sura mbili tu, na zimeubomoa uhakiki wangu kuanzia paa. Raskolnikov yuko gerezani na hajatubu! Anajihoji, anajipekua, na kosa analoliona ni moja tu: kwamba alishindwa, akaenda kukiri. Ile nadharia yake bado anaitazama na haoni ilikuwa na upumbavu gani kuzidi nadharia nyingine. Kwa maneno mengine, kile kikaratasi changu cha kijani nilimbandika mtu aliyechoka, nikidhani nimembandika mtu aliyebadilika.

Kisha anaugua, anaota dunia nzima imepatwa na tauni ambayo kila anayeambukizwa anajiona ndiye peke yake mwenye ukweli, na watu wanauana kwa ajili hiyo. Ndoto hiyo haifafanuliwi. Asubuhi moja yuko kando ya mto, Sonya, yule binti anayempenda aliyemfuata hadi Siberia, anakuja kuketi karibu naye, na ghafla anajikuta miguuni pake analia. Basi. Hakuna hotuba. Agano Jipya liko chini ya mto wa kulalia na bado hajalifungua. Nilipekua nikitafuta sentensi moja ya kuibandika kijani, sentensi inayosema "sasa naamini hivi", nikaambulia swali: je, imani za Sonya haziwezi sasa kuwa zake pia? Imani mpya imeingia kwa alama ya kuuliza, na sikuwa na kikaratasi cha rangi hiyo.

Nilitakiwa kuandika upya. Badala yake nikaandika barua ya ukurasa mmoja: nakiri sikusoma tamati, naomba radhi, hata hivyo naamini dai langu linasimama imara kwa sehemu sita za kwanza.

Ilirudi siku ya pili ikiwa na maneno machache kwa wino mwekundu: "Umekiri. Hujatubu. Zimebaki siku saba."

Nikaandika upya, mara hii nikiangalia kwanza nani anasema kila ninachonakili. Nilipata alama za kutosha kupita bila kujivuna. Muhula uliofuata kijana mmoja wa darasa la nyuma yetu akaniazima daftari langu, naye amepewa kitabu kile kile. Baada ya wiki akanisimamisha koridoni, uso umemsinyaa kwa mawazo.

"Kaka, nimekisoma chote. Huyu Rodya, ndugu yake Raskolnikov, mbona simwoni alikoishia?"

"Siberia," nikamwambia.