Miaka minne ya chuo ili ukapande gari la wagonjwa?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kila familia hapa Dar hugeuka bodi ya udahili. Kila mjomba ana neno, kila shangazi ana kozi yake mfukoni. Mtoto wa PCB akisema udaktari, watu wanatabasamu. Akisema famasia, wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Akisema anataka shahada ya paramediki, yaani mtoa tiba ya dharura anayemfuata mgonjwa alipo, kunakuwa na kimya kidogo, halafu mtu anauliza: "Yule si anayekaa nyuma ya ambulensi? Miaka minne ya kushika machela?"

Juzi swali hilo lilinifikia mimi, kwa sababu binti wa dada yangu ameng'ang'ania. Mimi ni muuguzi wa mapokezi ya dharura, kwa hiyo nilitegemewa nimkanye. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayezijua hospitali," dada akaniambia, "mwambie mwenzio." Sikumkanya. Vigelegele pia sikumpigia, na naona nieleze kwa nini, maana wanaoipinga kozi hii na wanaoisifia wote wanabishana kuhusu cheti, na hakuna anayeuliza kuhusu ruhusa.

Tuanze na hiyo machela. Kubeba mgonjwa hakuhitaji chuo kikuu. Kunahitaji mgongo mzima na wiki chache za mafunzo ya maana. Kinachosomewa miaka mitatu minne ni kuamua ukiwa peke yako. Daktari wa wodini akikwama anamwita mwenzake, anaagiza picha, anasubiri majibu ya maabara. Mimi nikikwama napaza sauti tu, mtu anakuja. Paramediki yuko kando ya barabara saa mbili usiku, tochi kaibana kwa meno, mvua inamnyeshea, na watu waliomzunguka wanarekodi kwa simu huku kila mmoja akitoa ushauri wake.

Chukua ajali ya bodaboda barabara ya Morogoro, pale Kimara. Kijana kagongwa ubavuni. Anaongea, anaomba maji, jeraha kubwa la kuonekana hana. Wasamaria wema wanamwinua, wanamkunja kwenye bajaji, mmoja anamkumbatia kwa nyuma, mwingine kamshika miguu, safari inaanza. Wa namna hiyo nimewapokea wengi. Wanaletwa wamekaa wima kwenye kiti kama abiria wa kawaida, midomo imepauka, jasho la baridi linawatoka. Mfupa wa nyonga umevunjika na damu inavujia ndani kwa ndani, na nyonga inaweza kumeza lita kadhaa bila tone kuonekana nje. Kila alipokunjwa na kukunjuliwa, na kila tuta bajaji iliporuka, damu iliyokuwa imeanza kuganda ilibanduka upya.

Aliyesomea angeanza kwa kuwazuia watu wasimwinue. Angeshika mapigo mkononi, angeyakuta yanakwenda mbio na ni mepesi, na hapo angeshatilia shaka maneno ya kijana kwamba yuko sawa. Angeifunga nyonga. Kama mkanda maalumu hana, kanga ya mama yeyote aliyesimama pale ingetosha, ilimradi ajue pa kuifunga: kiunoni, ambako wengi wangeipeleka, ni juu mno. Inafungwa chini zaidi, pale mifupa ya paja inapotokeza kwa pembeni. Halafu kuna dawa inayoitwa asidi ya traneksamiki, ya bei nafuu, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Utafiti wa CRASH-2 uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya wanaotokwa na damu. Sharti lake ni muda. Itolewe ndani ya saa 3 tangu ajali, na ikiwahi zaidi ndiyo inafaa zaidi. Saa hizo zikipita inaweza hata kudhuru.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Muda wa kutafuta usafiri, foleni ya jioni, kituo cha kwanza kilichomwandikia rufaa, hospitali ya pili iliyosema mashine imeharibika, kisha Muhimbili. Saa 3 zinamalizikia barabarani. Dawa ninayo mimi kabatini, na mgonjwa ananifikia wakati haina tena maana. Anayepaswa kuwa nayo, na kuwa na akili ya kuitumia, ni yule aliyekuwa naye Kimara.

Au mzee aliyelala kituo cha daladala Mbagala Rangi Tatu. Anaropoka, anatukana, shati limelowa jasho, na kituo kizima kimeshamhukumu kwamba kalewa. Tone moja la damu kidoleni, kipimo cha sukari kinasoma 1.9, imeshuka mno, glukosi inaingia kwenye mshipa, na dakika chache baadaye mzee anauliza mkoba wake kauchukua nani. Sijui kazi nyingine inayomlipa mtu furaha haraka namna hiyo.

Lakini uamuzi mgumu kuliko yote ni wa kumwacha mtu nyumbani kwake. Uingereza sehemu kubwa ya kazi ya paramediki wala si ajali za kutisha: ni bibi aliyeanguka bafuni, kifua kinachobana, mtu aliyelemewa na mawazo. Wanampima, wanamtibu hapo hapo sebuleni, wengine wanawaacha bila kuwapeleka hospitali. Ukikosea, mtu anafia kitandani usiku ule na sahihi iliyo kwenye fomu ni yako. Ndiyo maana baraza lao la usajili, HCPC, tangu tarehe 1 Septemba 2021 limeifanya shahada kuwa kiwango cha chini cha kozi za kuingilia kazi hiyo. Na jina lenyewe linalindwa na sheria. Huwezi tu kushona beji na kujiita.

Afrika Kusini wamejenga ngazi: cheti cha mwaka 1, diploma ya miaka 2, shahada ya miaka 4, na zile kozi fupi za wiki kadhaa zilizokuwa zikitoa wahudumu wa ambulensi wameziondoa. Mwenye shahada anaruhusiwa kumlaza mgonjwa usingizi wa dawa na kumpitishia mpira wa hewa kooni pale barabarani, kwa uamuzi wake mwenyewe. Wanafundishwa pia uokoaji: kushuka miamba kwa kamba, kuokoa majini, kumtoa mtu kwenye vyuma vya gari. (Dada aliposikia habari ya kamba, tulibadilisha mazungumzo.)

Hapo wanaoisifia shahada watashangilia. Wangoje kidogo. Mwaka 1967, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mgonjwa alikuwa anabebwa na gari la polisi au gari la kampuni ya mazishi. Daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa njia za kisasa za kufufua moyo na pumzi, alisaidia kuwafundisha vijana Weusi wa mtaa wa Hill District. Wengi hawakuwa na kazi, na wengine hata sekondari hawakuimaliza. Walipewa mafunzo makali ya saa 300 hivi, wakaanza kuhudumu kwa jina la Freedom House. Baadaye walisimamiwa na Daktari Nancy Caroline, yule yule aliyekuja kufanya kazi na shirika la afya la AMREF, Nairobi. Wanahesabiwa miongoni mwa paramediki wa kwanza Marekani, na hakuna aliyekuwa na shahada ya kazi hiyo, kwa sababu haikuwepo. Walikuwa na mwalimu asiyewaonea haya, vifaa, daktari wa kuwasimamia, na ruhusa ya kutibu. Mwaka 1975 mji ukaivunja huduma yao na kuanzisha ya kwake, na wengi wao wakasukumwa nje. Wagonjwa waliowatibu hawakuwahi kuwauliza vyeti.

Kwa hiyo shahada peke yake si dawa. Ni njia mojawapo ya kumfanya mtu aaminike kuamua, na nchi ikishamsomesha halafu isimwamini, imepoteza fedha zake na miaka ya kijana wa watu.

Hapa kwetu ndipo ninapopatia wasiwasi. Tiba ya dharura ndani ya hospitali imepiga hatua. Idara ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010 na mwaka huo huo chuo kikuu cha afya cha hapo, MUHAS, kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Ukitoka nje ya geti mambo ni mengine. Katika mji ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu 5,383,728, gari la wagonjwa analolijua mwananchi ni la rufaa, la kumtoa hospitali hii kumpeleka ile. Aliyegongwa anabebwa na bodaboda, bajaji au gari la msamaria, tena msamaria mwenyewe anaogopa kuishia kituo cha polisi akitoa maelezo ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na sasa una namba yake ya bure 115, umeonyesha kwamba usafiri wa dharura unaweza kupangwa kwa simu na ukafika, hata kwa kutumia madereva wa mitaani. Nausifu sana. Lakini ni wa wajawazito na watoto wachanga, na dereva ni dereva.

Niliwahi kumpokea mama mmoja wa makamo kwa rufaa. Gari jipya kabisa, king'ora juu, mtungi wa oksijeni umefungwa vizuri ukutani na barakoa mgonjwa kavalishwa. Muuguzi aliyemsindikiza alikaa mbele na dereva. Niligusa mtungi, nikaangalia mshale: mtupu. Barakoa ile ilikuwa inambania pumzi tu. Mwenzangu yule nilimkasirikia dakika mbili, basi. Hakuwahi kufundishwa kutibu ndani ya gari linalotembea. Alikuwa zamu ya wodini, kapewa karatasi, kaambiwa sindikiza.

Wapo wanaosema tufanye kama Ufaransa, ambako ukipiga 15 watu wa SAMU, huduma yao ya dharura, wanaweza kukuletea daktari mwenyewe na gari lake. Sawa, kwa nchi yenye madaktari wa kutosha. Sisi tukimtoa daktari wa zamu akakae kwenye foleni ya Tazara, hao waliokwisha kujipanga kwenye benchi pale kwangu atabaki nao nani?

Na wapo madaktari, rafiki zangu kabisa, wanaoniuliza: "Sista, unataka kijana wa miaka 24 apewe ketamini, dawa ya usingizi, akatembee nayo barabarani?" Ndiyo, nataka, kama amefundishwa, ana mwongozo wa maandishi, kuna daktari wa kumpigia simu, na kila dozi inakaguliwa. Nchi hii ilishawaamini wasio na digrii ya udaktari kwa mambo mazito kuliko hayo. Kwa miongo mingi madaktari wasaidizi ndio waliokuwa wakiwapasua akina mama hospitali za wilaya, na watoto waliozaliwa kwa mikono yao leo wana wajukuu. Matabibu wa zahanati wanaandika dawa kila siku. Tulipobanwa na shida tuliweza kuamini.

Kwa hiyo maswali niliyomwachia binti yetu hayahusu ugumu wa kozi. Anatomia na famakolojia atazimudu, mtoto ana kichwa. Nimemwambia aulize atasajiliwa na nani. Madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika, sisi tuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, yeye atapanga foleni kwenye dirisha gani? Ajira za afya zikitangazwa, majina ya kada huwa yameandikwa moja moja: tabibu, muuguzi, mfamasia, mteknolojia wa maabara. Kada yake ataitafuta kwenye mstari upi? Na akishaajiriwa, mwongozo wa kazi utamruhusu kutoa dawa gani bila kuomba? Akiajiriwa kwa jina la msaidizi asiyeruhusiwa kufungua kabati, basi mkopo wa HESLB utakuwa umelipia machela kweli, na wajomba watakuwa wamesema sawa.

Akikosa majibu, ushauri wangu ni asome uuguzi kwanza, asajiliwe, kisha aelekee kwenye dharura. Atakuwa na leseni mkononi inayomruhusu kugusa mgonjwa popote. Hajaupenda ushauri huu. Anasema, "Mama mdogo, wodini nitakuwa nasubiri waletwe, mimi nataka kuwafuata." Sina la kumjibu, kwa sababu ana haki.

Basi tumekubaliana aandikie vyuo, vya hapa na vya nje, aulize jambo moja kwa wote: katika miaka hiyo, ni saa ngapi mwanafunzi anakaa ndani ya gari linaloitikia simu za dharura, na nani anakuwa amekaa naye? Chuo kimoja kimemjibu kurasa mbili nzuri sana kuhusu mazoezi ya wodini, leba na chumba cha upasuaji. Kuhusu gari hakuna hata mstari. Hicho tumekifuta kwenye orodha.