Mashine Inayopima Jasho na Kutoa Majibu ya Ini

Katika baadhi ya maduka ya dawa za mitishamba mjini Nakuru na Kisumu, mteja hupewa kijiti cha chuma akishike kwa mkono mmoja, huku mhudumu akimgusa vidole vya mkono wa pili kwa kifaa chenye ncha ya chuma, na baada ya dakika chache kompyuta humwambia kwamba figo zake zimechoka na ini limejaa sumu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba nukta za akyupancha, yaani sehemu za ngozi zinazochomwa sindano katika tiba ya jadi ya Kichina, hupitisha umeme kwa wepesi kuliko ngozi inayozizunguka, na kwamba kila nukta ina kiungo chake cha ndani.

Dai hilo halikuzuliwa na wachuuzi wetu. Yoshio Nakatani wa Japani alilitangaza mnamo 1950, baada ya kupima ngozi za wagonjwa kwa umeme wa betri, na katika mwongo uo huo daktari wa Kijerumani, Reinhold Voll, akaunda kifaa cha kutambua maradhi kwa njia hiyo. Mwaka 2008, Andrew Ahn na wenzake walikusanya na kuchambua tafiti zilizokuwapo. Kati ya tafiti 9 zilizopima nukta, 5 ziliona tofauti inayodaiwa. Lakini nyingi zilikuwa na watu wachache na kasoro za upimaji, na wachambuzi wakaamua kwamba ushahidi hautoshi kusema nukta hizo zinatofautika kwa umeme. Kwangu mimi uamuzi huo ni wa haki, kwa sababu haukatai kwamba kuna kinachopimwa.

Kinachopimwa, kwa sehemu kubwa, ni tabaka la juu kabisa la ngozi, yaani seli zilizokwisha kufa, ambalo sehemu nyingi za mwili lina unene wa takriban milimita 0.01 hadi 0.02 tu. Humo ndimo ulimo karibu ukinzani wote wa ngozi, yaani nguvu yake ya kuzuia umeme usipite. Chukua mita ya fundi wa redio, uguse ncha zake mbili kwa vidole vikavu bila kuzibana, nayo huenda ikasoma mamia ya maelfu ya omu, kizio cha ukinzani, au hata kupita milioni. Zibane kwa nguvu, namba itaporomoka papo hapo. Lowesha vidole kwa mate, itashuka zaidi. Ini halijaguswa. Jasho lenye chumvi hufanya kazi ile ile ya mate, na kwa kuwa hofu huamsha tezi za jasho, hata wasiwasi wa kusubiri majibu unaweza kubadilisha kipimo. Mfaransa Charles Féré aliona tangu 1888 kwamba msisimko wa hisia hupunguza ukinzani wa ngozi.

Kwa hiyo mtu aliyepimwa Nakuru asubuhi ya baridi, kisha akateremka Kisumu na kupimwa tena katika joto la alasiri, asishangae akipewa maradhi mapya. Kinachonitia shaka zaidi, hata hivyo, ni mkono wa mhudumu. Anajua nukta ilipo, na akikandamiza kidogo zaidi pale, pengine bila kukusudia, ukinzani utashuka na nukta "itaonekana". Simwiti tapeli, wengi wao wanaamini wanachokiona kwenye skrini. Ila karatasi ile ile inayotaja ugonjwa ndiyo inayotaja dawa ya kununuliwa dukani humo, na mwenye kisukari anaweza kuahirisha kipimo cha tone la damu ambacho hupima sukari yenyewe.

Hakuna haja ya kubishana sana dukani. Mteja aombe apimwe mara mbili, mara ya pili skrini ikiwa imegeuziwa ukutani na jina lake limebadilishwa kwenye kompyuta, kisha karatasi mbili ziwekwe pamoja mezani kabla hajatoa pesa.