Mbwa wa Uyole naye anasikia baridi

Rafiki wa mume wangu alitukuta uani tukiezeka upya banda la mbwa wetu, Chui, akaniambia: "Shemeji, mbwa gani anajengewa nyumba? Kaumbwa na manyoya huyo." Maneno hayo yameniuma mpaka leo, kwa sababu wanaoyasema ni wengi, na Julai hii hii wao wenyewe wanalala na mablanketi mawili.

Manyoya gani? Mbwa wetu wa kienyeji wana manyoya mafupi, ya kulala kwenye ngozi. Jiji letu la Mbeya, ambamo Uyole imo, liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa alfajiri unapenya hadi kwenye mifupa. Huko uwanda wa juu wa Kitulo umande unaganda kwenye nyasi.

Najua nitajibiwa kwamba babu zetu walifuga mbwa bila mabanda. Ni kweli. Lakini mbwa wa babu hakuwa na mnyororo. Jua likizama alijua pa kwenda: anajikunja kwenye majivu ya jikoni, anaingia chini ya ghala, anabanana na wenzake. Asubuhi anahamia ukuta unaopigwa na jua. Sisi wa mjini tumejenga ukuta na geti, tukamfunga kwenye nguzo, na pale penye nguzo ndipo upepo unapopita. Hawezi kukimbia apate joto, hawezi kuhama mvua inapomfuata. Tumemnyang'anya kila njia aliyokuwa nayo ya kujisaidia, kisha tunasema ameumbwa hivyo! Ukishamfunga kiumbe, baridi yake ni deni lako. Na nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kwa hiyo jambo hili si huruma yangu peke yangu.

Nakubali, mbao na bati ni hela. Basi anza na kidogo. Inua sakafu kwa matofali manne, ardhi isimnyonye joto. Mlango uupe upepo kisogo. Ndani weka nyasi kavu nyingi, si blanketi kuukuu, maana blanketi likishika unyevu linamgandisha zaidi. Banda liwe dogo, la kumtosha kugeuka tu, ili joto lake mwenyewe limrudie. Usiku geti likishafungwa, sisi tunamfungulia Chui azunguke. Mume wangu ndiye anayemsongea ugali wa dona na dagaa jioni, na miezi ya baridi anamwongezea.

Mvua zikianza Novemba, kazi inakuwa kupe. Tunamkagua masikioni na katikati ya vidole, dawa tunanunua duka la mifugo. Mbwa akikataa chakula na ufizi ukapauka, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Paka wetu naye msimu wake wa hatari ni baada ya mavuno. Mahindi yakiingia ndani panya nao wanaingia, na mtaa mzima unatega sumu. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Anatoka akiyumba, paka anamdaka kirahisi, na sumu inahamia kwake. Tumezika paka kwa njia hiyo, na mume wangu alilia. Jirani, tega mtego. Au mwachie paka kazi yake.

Septemba vumbi likitanda na milima ikiungua, wengi wanasahau chanjo. Tarehe 28 mwezi huo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ugonjwa huu dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na karibu kila anayeupata ameupata kwa mbwa. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi yanakatika. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama ni mkwaruzo. Na wewe unayesema mbwa wako hatoki getini, hivyo hahitaji sindano: geti hilo linafunguliwa kila siku, na watoto wetu wanapita hapo kwenda shule. Mpeleke mwezi huu.